Mabega ya Shangazi

Nguo ikishapita mikononi mwa Shangazi, hata mwenyewe huitilia shaka. Baba yangu aliwahi kumrudishia shati akidai limebadilishwa, kwa sababu la kwake halijawahi kuwa na kola iliyosimama vile. Shangazi hakubishana. Alimwonyesha tundu la cheche pale tumboni, kumbukumbu ya friji fulani ambayo baba, fundi wa friji, aliichomelea vibaya, na baba akalichukua shati lake.

Shangazi ni mpiga pasi. Meza yake ipo ubavuni mwa ukumbi wa chama chetu, chini ya bati lililochomoza ukutani, na chumba anacholala kipo nyuma ya ukumbi huohuo. Si shangazi wa mtu yeyote. Nilipopata akili nilikuta kila mtu anamwita hivyo, wazee kwa watoto, nami nikafuata.

Chama chenyewe ni cha sisi watu wa mlimani tunaoishi hapa mjini. Jiji letu limejaa watu wa kila namna, na kila namna ina chama chake. Watu wa bondeni, ambao hatuivi nao chungu kimoja, wana ukumbi wao mtaa wa pili, tena umepakwa rangi mpya, jambo linalotuuma sana. Kazi za chama ni kuzikana, kuozana na kusengenyana, ingawa hiyo ya tatu haimo kwenye katiba. Kilichomo kwenye katiba ni kwamba chumba cha nyuma atakaa mtunza ukumbi, na mtunza ukumbi sharti awe mtu wa mlimani. Wa bondeni hata kufagia haruhusiwi. Wazee wetu wana msemo: mtu wa bondeni akikupa mkono, ukimaliza hesabu vidole. Nao wa bondeni wanasema kwamba mtu wa mlimani akicheka hufunika mdomo, asije akaombwa jino.

Basi Shangazi alikuwa akifagia, akipanga viti, na Jumamosi mchana akitufundisha sisi watoto ngoma ya kwetu.

Nasema ya kwetu, lakini mlima wenyewe naujua kwa picha ya kalenda tu. Lugha yetu najua kusalimia, kuomba maji na kutukana, basi. Kwa hiyo ngoma ndiyo ilikuwa cheti chetu. Mtu akiniuliza shuleni, "Wewe kweli ni wa mlimani?" nilikuwa sijibu kwa maneno. Nilisimama nikatikisa mabega, na swali likaisha.

Shangazi alifundisha kwa mikono. Alikuwa anasimama nyuma yako, anakushika mabega, anayachezesha mpaka yanasahau kwamba ni yako. "Bega liseme, mguu usikilize," alipenda kusema. Ukizubaa anakufinya. Mimi alikuwa ananiita Macho Kodo, kwa sababu badala ya kucheza nilikuwa namtazama.

Kisha Mjomba akaja.

Huyu ni mjomba wa Mwenyekiti wetu, mpiga ngoma wa siku nyingi huko mlimani. Aliletwa mjini kutibiwa macho. Jumamosi moja akaja ukumbini, jicho moja limezibwa kwa pamba na plasta, akaomba apewe ngoma. Alipoipiga, ukuta ulitetemeka. Tukaingia kwa madaha, mabega yanapaa.

Ngoma ikakatika.

"Simameni! Hayo mabega mmeyatoa wapi?"

Tulidhani tunasifiwa. Mdogo kuliko wote akajibu kwa fahari, "Kwa Shangazi!"

"Kwa shangazi wa nani? Kwetu bega halitikisiki, mwanangu. Kwetu kisigino ndicho kinachocheza, bega linatulia kama rafu ya vyombo. Hayo ni mabega ya bondeni. Nimeyaona kwa macho yangu, enzi zile yakiwa mawili."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alikuwa mlangoni na ufagio. Alimtazama Mjomba kidogo, akasema, "Karibu chai, Mjomba," kisha akatoka.

Hiyo chai ndiyo iliyonitia wasiwasi. Mtu akisingiziwa hukasirika. Mbona yeye alikaribisha chai?

Wiki ile mtaa mzima ukageuka idara ya upelelezi. Katibu wa chama, mama mmoja muuza vitambaa mwenye sauti ya kuita teksi, ndiye aliyekuwa mkuu wa idara. Alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Sisemi kitu, mimi nauliza tu." Na kila alipouliza, watu walikumbuka. Mbona mwisho wa mwaka wakubwa wakienda kwetu yeye hubaki, ati anatunza ukumbi? Mbona hajawahi kupata mgeni, hata wa kuja kukopa? Mbona ukimuuliza anatoka sehemu gani anajibu, "Kulekule"?

"Kulekule wapi?" mama yangu alimuuliza wakati mmoja, miaka iliyopita.

"Kulekule mnakotoka."

Wakati ule mama alicheka. Sasa alisimulia kisa hichohicho bila kucheka, na baba akasema, "Mnh."

Nami nikaanza kuona mambo. Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi nikijifanya nasoma jiografia, namchunguza. Nikaona anavyoweka makaa kwenye pasi kwa mkono wa kushoto. Nikajiuliza, watu wa bondeni hutumia kushoto? Nikaona anavyonyunyiza maji kwenye suruali kwa vidole, taratibu, kama anayebariki au anayeroga. Kumbe ukishamshuku mtu, hata akipiga chafya unaona kuna jambo.

Tena wateja walianza kukagua mifuko ya nguo zao kabla ya kumkabidhi. Alikuwa anaona. Aliinamisha kichwa, akawa kama anatafuta mkunjo.

Mwenyekiti akatangaza kikao Jumamosi inayofuata. Ajenda moja: mtunza ukumbi ni mtu wa wapi. Kila mtu alielewa maana yake. Ikibainika si wa mlimani, chumba hana, ngoma hana, na mtu wa umri ule, asiye na ndugu, ataihamishia wapi meza ya pasi?

Jumapili kabla ya kikao nilimwona anatoka, amevaa gauni la kutokea. Nikamfuata. Nilibeba kitabu cha jiografia ili nikikutwa niwe na sababu. Akapita gengeni, akapita maduka ya mabomba na misumari, akakata kona ya mtaa wa pili. Huko ndiko kwa watu wa bondeni!

Uani kwao kulikuwa na harusi. Shangazi hakuingia. Alivuka barabara akasimama kwenye karakana ya mageti, akajifanya anachagua grili za dirisha. Mimi nikajibanza nyuma ya mlango wa chuma uliokuwa unasubiri mnunuzi.

Ngoma ikaanza, na wale watu wakacheza. Ilikuwa ngoma yetu. Yote! Kuingia kwa kuyumba, kuzunguka, mabega kupaa na kushuka. Ilikuwa kama kumkuta dada yako kwenye nyumba ya watu, anaitwa jina jingine, na anaitika.

Nikamtazama Shangazi. Mabega yake yalikuwa yanacheza ndani ya gauni, kidogo tu, kama mtu anayewashwa na hawezi kujikuna mbele za watu.

Mama mmoja wa harusini akamwona, akampungia mkono, akavuka kumfuata. Alisema maneno ambayo sikuyaelewa, lakini karibu haihitaji tafsiri. Shangazi akamjibu kwa lugha ileile, harakaharaka. Yule mama akainamisha kichwa upande, akauliza kitu, akacheka. Shangazi naye akacheka, lakini alikuwa anarudi nyuma. Kisha akageuka kuja upande wangu.

"Macho Kodo, toka. Mlango hauna nyumba, unajificha wapi?"

Nikatoka. Ukweli ni kwamba ukuta haukuwepo kulia wala kushoto, na fundi wa mageti alikuwa anacheka muda mrefu.

Tulirudi pamoja. Tulipofika kwenye mabomba na misumari nikashindwa kuvumilia. "Shangazi, wewe ni mtu wa bondeni?"

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Hao ndio wabaya zaidi. Aliyetumwa akijibiwa anarudi. Asiyetumwa anaendelea kuuliza."

Nikadhani ameshanifungia. Lakini baada ya hatua chache akaanza kusimulia, anatazama mbele, kama anaiambia barabara.

Alikuja mjini akiwa msichana mdogo, kufanya kazi za ndani. Alipelekwa kwa bibi mmoja wa mlimani, mjane, mmoja wa wale walioanzisha chama. Bibi yule alikuwa mgonjwa wa miguu, mtu wa kubebwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Hakuwa na mtoto mjini. Shangazi alimwogesha, akamlisha, akamgeuza asipate vidonda. Bibi naye akamfundisha kusema kama wa mlimani, kusalimia kama wa mlimani, hata kununa kama wa mlimani. "Nikikosea napigwa kofi, nikipatia naitwa mwanangu. Mwishowe makofi yakaisha, likabaki mwanangu."

Bibi alipofariki, watu wa chama walikuja kuzika. Wakamkuta analia kwa lugha yao. Wakasema, pole binti, huwezi kubaki peke yako, kuna chumba ukumbini.

"Hawakukuuliza wewe ni nani?"

"Nani aliniuliza? Walinipa ufunguo na ufagio."

"Na ngoma?"

Hapo akapunguza mwendo. "Siku moja wakaniletea watoto, wakasema, wafundishe ngoma ya kwetu, wewe si umelelewa na bibi? Sasa, mwanangu, yule bibi alinifundisha kila kitu, lakini hakuwa na miguu ya kuchezea. Sikumwona akicheza hata mara moja. Nikasimama mbele ya wale watoto nikacheza niliyonayo."

"Wakubwa hawakuona?"

"Waliona wakapiga makofi! Nikasema moyoni, kumbe tunafanana."

"Halafu ulijua lini kwamba hatufanani?"

"Bado nachunguza," alisema.

Nikamuuliza mbona hakuingia harusini, wale si ndio wake hasa. Akacheka bila furaha. "Unajua yule mama aliniuliza nini? 'Mgeni, lugha yetu umejifunzia wapi, unaisema vizuri!' Kule nikifungua mdomo wanasikia mlima."

Tulikaribia ukumbi. Akasimama. "Utasema?"

Kusema kweli sikujua la kuamini. Simulizi ilikuwa imenyooka mno, haina mkunjo hata mmoja, na huyu ni mtu ambaye kazi yake ni kuondoa mikunjo. Mbona aniambie mimi, mtoto wa shule, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu? Labda alitaka niende nikamtetee. Labda alitaka tu kulisema kabla hawajalisema wao. Usiku ule nililala naye kichwani, akimwogesha bibi, na kila nilipotaka kumhurumia nikawa najiuliza kama napigwa pasi.

Jumamosi ikafika. Viti vya kikao cha kumjadili Shangazi vilipangwa na Shangazi. Alivifuta vumbi kimoja kimoja. Kisha akaketi cha pembeni, mikono mapajani.

Sisi watoto wa ngoma tuliitwa kama ushahidi, tukapangwa ukutani kama magunia. Mwenyekiti alikaa mezani na kengele yake. Mjomba alikaa kando yake na ngoma katikati ya magoti, sasa plasta imehamia jicho la pili. Katibu akasoma kifungu cha mtunza ukumbi kwa sauti iliyofika barabarani, akakunja karatasi.

"Shangazi, sisi si watu wabaya. Jibu moja tu. Wewe ni mtu wa wapi?"

Nilisubiri kulekule. Haikuja.

"Aliyenizaa alikuwa wa bondeni," alisema. "Aliyenilea hapa mjini alikuwa wa mlimani. Wote wamekufa. Huyo wa pili nilimzika pamoja na ninyi."

Ukumbi ukalipuka. "Nilisema mimi!" "Hesabuni vidole!" "Miaka yote hiyo tunamwita Shangazi!" "Shangazi wa nani sasa?" Mzee mmoja alidai arudishiwe suruali yake hata kama haijapigwa pasi. Shangazi alitulia palepale. Nilimtazama mikono: ilikuwa inalainisha sketi mapajani, inalainisha, inalainisha.

Kengele ikalia. Katibu alikuwa bado amesimama. "La chumba ni dogo. Kubwa ni watoto! Amewatia watoto wetu ngoma ya watu, na sisi tumekaa tunapiga makofi!"

"Neno zuri hilo," Mjomba akadakia. "Ninyi mliozaliwa kule mlikuwa wapi? Hamkuona?"

"Mimi nilidhani ni mtindo wa kijiji kingine," akasema mmoja.

"Mimi nilikuja mdogo."

"Basi leo warekebishwe," Katibu akasema, akajifunga kitambaa kiunoni. "Watoto, tazameni. Hii ndiyo ngoma ya mama yangu na bibi yangu. Mjomba, piga!"

Mjomba akapiga. Katibu akaingia kwa visigino, kho, kho, mabega yametulia kweli kama rafu ya vyombo. Watu wakaitikia, "Eeeh!" Akazunguka mara ya kwanza, safi. Ngoma ikachanganya, jasho likamtoka, akafumba macho, utamu ukamwingia. Bega la kulia likatikisika. Kisha la kushoto. Kisha yote mawili yakapaa, yakashuka, yakapaa, palepale tunapoyapandishaga sisi.

Yule mdogo kuliko wote akapiga kelele, "Katibu anajua ya Shangazi!"

Katibu akafumbua macho. Alijishika bega kwa mkono mwingine, kama anayekamata mwizi. "Ni... ni ya kuambukizwa hii! Nimewaona sana hawa watoto!"

Vicheko vikatanda. Mama mwingine akasema, "Kaa chini, ngoja nikuonyeshe." Naye akaenda vizuri, visigino, visigino, mpaka ngoma ilipokolea, mabega yakaondoka bila kumuaga. Wa tatu hakujitokeza. Wanawake walianza kujikumbatia mabega wakiwa wamekaa.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza, hakuwa anacheka tena. Alimgeuzia Katibu jicho lake zima. "Binti, hebu nikumbushe. Mama yako hasa alitoka upande gani wa mlima?"

Katibu akashika fundo la kitambaa kiunoni.

"Mjomba, unanichimba mimi?"

"Sisemi kitu. Nauliza tu."

"Kama ni kuchimbana," Katibu akasema, akifungua kitambaa kiunoni kwa hasira, "tusianzie chini. Tuanze juu! Mwenyekiti, bibi mzaa baba yako alikuwa binti wa nani? Maana nasikia alipandishwa mlimani mwaka mto ulipofurika bondeni!"

Mjomba akageuza shingo taratibu kumtazama mpwa wake, akafungua mdomo. Mwenyekiti aliona huo mdomo. Akaipiga kengele mfululizo mpaka ulimi wa kengele ukachomoka ukabingirika sakafuni.

"Kikao kimefungwa! Chumba kibaki kama kilivyo. Kifungu kitapelekwa kwenye kamati ndogo."

"Kamati ndogo ni nani?" baba yangu akauliza.

"Itatajwa."

Mpaka leo haijatajwa. Watu walitoka kwa haraka ambayo sijawahi kuiona, kila mtu na wake, hakuna aliyebaki barazani kupiga soga. Hakuna aliyempa Shangazi mkono, na hakuna aliyemtukana. Amebaki na chumba chake, lakini sitadanganya kwamba alibakizwa kwa upendo. Alibaki kwa sababu kumtoa kungehitaji kuulizana, na hakuna aliyetaka kuwa wa pili kuulizwa.

Jumatatu mama alinituma na mashuka. Shangazi aliyapokea, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akayafungua mbele yangu, akayahesabu kwa sauti, akanionyesha doa lililokuwepo tayari. "Umeliona? Usije ukasema ni mimi."

"Shangazi, mimi nakuamini."

"Usiniambie mimi. Liambie doa." Akachochea makaa. "Jumamosi mje na viatu vigumu, Mjomba atawafundisha visigino kabla hajaondoka. Mabega nitafundisha mimi. Atakayeuliza ngoma gani ni ya wapi, nje." Akainua pasi, akaitemea mate kidogo kupima joto, ikachachatika. "Na kwenu je, Macho Kodo? Bibi mzaa mama yako alikuwa wa wapi?"

"Wa mlimani," nikasema.

"Ulimuuliza?"

Sikuwahi. Nikaenda nyumbani nikamkuta baba amelala chali sebuleni, kichwa kimezama nyuma ya friji ya mteja, mama anakunja nguo. Nikauliza, kama naomba chumvi, "Hivi bibi mzaa mama alikuwa mtu wa wapi?"

Bisibisi ikaacha kuzunguka.

"Nani kakuambia uulize hivyo?" baba akasema kutoka nyuma ya friji.

"Hakuna. Najiuliza tu."

Baba akatoa kichwa. Alimtazama mama, mama akamtazama baba, na mimi nikawatazama wote wawili. Kisha mama akaweka nguo chini, akainuka, akaenda kufunga dirisha. Nje hapakuwa na upepo.